Tairi Nne, Jina Moja

Haya, kaeni vizuri, na mwenye haraka ya kukata shauri afunge mdomo kwanza, maana hadithi hii imewagombanisha watu wazima.

Huko Lodwar walikuwapo watu watatu. Sagini, mchomeleaji, alijua rimu. Akichungulia breki tu, anakwambia rimu ipi itakaa. Halake, muuza tairi, ukimtajia njia anakutajia urefu wa tairi na upana wake. Naye Lokwang, dereva mstaafu, alijua upepo. Anaipiga tairi teke moja, anakwambia imejaa kiasi gani.

Lokwang hakuwa na mtoto. Mkewe alifariki hawajajaliwa, na kilichomkaa rohoni ni kimoja: akiondoka yeye, hakuna atakayeitwa Lokwang. Akimsikia mama akimwita mwanawe kwa jina la babu, hugeuka, kisha hujifanya anatafuta funguo.

Basi jirani yake, Akiru, akajifungua mtoto wa kiume. Katika ukoo wao, jina hutolewa na bibi mzaa mama, tena akiwa amempakata mtoto. Bibi Nakai alikuwa mgonjwa, tena mbali, ng'ambo ya mto mkavu wa mchanga na uwanda wa mawe meusi. Akatuma neno: "Nichukueni nije nimwone kabla sijafa. Atakayenifikisha, mtoto achukue jina lake."

Siku hiyo Lokwang hakula.

Mume wa Akiru alikuwa na gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne, lakini alikuwa amelipamba, jamani, utadhani linaolewa. Rimu za inchi ishirini zinang'aa, tairi zenyewe nyembamba kama chapati. Safari ya kwanza mawe ya njiani yalipasua mbili kabla hata hajafika mtoni, akarudi kichwa chini. Mtoto akawa na siku kumi na moja, hana jina.

Sagini akamwambia rimu kubwa hivyo haziachi nafasi ya mpira, jiwe linagonga chuma moja kwa moja. Akatafuta rimu za inchi kumi na sita, akazipima moja moja. Moja ilikwaruza breki. Akaikataa, akazunguka mji mzima hadi akapata nyingine. Bila Sagini, gari lingebaki uani.

Mwenye gari sasa akataka tairi pana kuliko zote dukani. Halake akagoma kumuuzia. Pana mno, alisema, zitasaga madigadi kila ukikata kona na mzigo. Akampa ndefu za upana wa wastani, zenye mbavu nene. Bila Halake, mawe yangezipasua tena.

Safari hii mwenye gari akamwachia Lokwang usukani. Kwenye mchanga wa mto alishuka, akapunguza upepo hadi tairi zikalala tumbo, akavuka polepole. Ng'ambo akazijaza tena kwa pampu ya mkono, maana mawe hayataki tairi legevu. Kurudi na bibi, akafanya vilevile. Bila Lokwang, gari lingezama mchangani na bibi ndani.

Njiani bibi alimuuliza ana watoto wangapi.

"Sina, mama," akajibu.

Usingizi ulipomchukua bibi, kichwa chake kikaangukia bega la Lokwang, naye akaendesha hivyo hivyo, akiogopa hata kukohoa.

Walifika mchana. Bibi akapewa mtoto, akauliza ni nani aliyemfikisha. Sagini akasema ni rimu zake, na kwamba nyumbani ana mabinti wanne, jina lake halina pa kwenda. Halake akasema ni tairi zake, na kwamba jina lake ni la marehemu baba yake pia. Watu wakamgeukia Lokwang. Alikuwa akimtazama mtoto.

"Mimi niliendesha tu, mama," akasema.

Bibi Nakai ameinamia sikio la mtoto. Pumzi yake ni fupi, na jina ni moja.

Haya, mimi nimefika mwisho wangu. Wewe ungemnong'oneza mtoto jina la nani? Na kama ni Lokwang, niambie ukweli: umempa kwa kazi aliyoifanya, au kwa kiu aliyokuwa nayo? Na kama ni kwa kiu, utawatazamaje Sagini na Halake?