Wimbo wa Maji Matamu

Ngoma ikivuma sana hupasuka. Wahenga walisema hivyo kabla ya kumwona Modeste, mkurugenzi wa kiwanda cha sabuni kando ya ziwa, Bukavu. Wangemwona, wangesema kwa kupiga kelele.

Mwaka huo, enzi za Zaïre, samaki walielea matumbo juu pale mtaro wa kiwanda ulipomwaga maji machafu ziwani, na mbuzi mmoja aliyekunywa pale alikohoa mapovu siku tatu. Modeste hakupata raha. Kila alipopita soko la Nyawera, wauza samaki walimkaba kwa maneno.

"Papa Directeur, siku hizi samaki sambaza zinakuja sokoni zimekwisha kuoga!" alidakia Maman Euphrasie. "Mutoto wangu anajikuna mpaka damu, na wewe unavimba tu mu koti yako ya abacost!"

Lawama zikamfikia Komiseri wa mkoa. Akatuma habari: Jumamosi angekuja mwenyewe kuamua kama kiwanda kifungwe.

Modeste akahangaika kama kuku atafutaye pa kutagia. Fundi wake, Grégoire, akamshauri:

"Patron, tufunge mutaro wiki mbili, tuchimbe shimo la kuchuja."

"Wiki mbili bila sabuni? Hapana! Nitawajibu na ngoma."

Wakati ule kila kiwanda kilikuwa na kikundi chake cha kuimba sifa. Modeste akakitungia wimbo: *Maji yetu matamu kuliko maziwa, Directeur anayaoga, Directeur anayanywa!* Ngoma tatu zikawa saba. Siku nne walizunguka mji, hata wale ambao hawakuwa na habari za samaki wakaulizana, "Maji gani hayo yanayosifiwa kama bibi arusi?"

Jumamosi, Nyawera nzima ilihamia kiwandani. Wimbo ulipokwisha, Komiseri alipiga makofi, akamwita "raia" kama serikali ilivyotaka enzi zile.

"Citoyen Directeur, nimefurahi. Sasa kunywa kidogo, tuone."

Maman Euphrasie hakungoja kutumwa. Alichota glasi mtaroni penyewe. Povu likasimama juu kama la bia.

"Kunywa, Papa. Ni maziwa!"

Modeste aliinua glasi. Macho yakatafuta njia.

"Citoyen Komiseri... leo tumbo haiko muzuri."

"Tangu lini?"

Modeste akatazama povu, kisha umati, kisha povu tena. Sauti ikamtoka kabla hajaizuia:

"Grégoire! Funga mutaro!"

Komiseri akacheka, akafunga na kiwanda. Sifa zilizozunguka mji siku nne ziliishia kwenye glasi moja ambayo hakuna aliyeinywa. Kweli, ngoma ikivuma sana hupasuka.