Tangazo la Jumatatu Asubuhi

Chumba cha simu kilikuwa na meza tatu, dirisha moja, na kimya ambacho hata mjusi akitembea darini alisikika. Mhudumu alikuwa amekwisha kuifuta simu yake vumbi mara mbili. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wanaotaka kuacha sigara, lakini wiki nzima aliyepiga alikuwa mmoja tu, naye aliulizia mitungi ya gesi.

"Mwezi huu ukiisha hivi, tunafunga milango," mkuu wake alilalama. "Na tangazo letu linarushwa saa nzuri kuliko zote, Jumamosi jioni wakati wa mpira!"

"Mkuu, saa hiyo mvutaji yuko na wenzake, anacheka, kiberiti kimo mkononi. Atakumbuka kuacha saa ngapi?"

"Haya, wewe ungelirusha lini?"

Swali hilo lilimrudisha mbali. Alimwona marehemu baba yake, fundi seremala, ameinamia beseni asubuhi, vumbi la mbao bado limo kwenye nyusi, anakohoa mpaka machozi yanamtoka. "Mwanangu, leo naacha. Nisaidie," alikuwa akisema. Naye, akifunga viatu vya shule mbiombio, alijibu, "Sawa baba, tutaongea jioni." Jioni ilipofika, mzee aliketi na marafiki mbele ya karakana, moshi unafuka kama jiko la kuni mbichi. "Ah, yale yalikuwa maneno ya asubuhi!" aliangua kicheko. Jinsi alivyokipenda kicheko kile! Na jinsi alivyolijutia jibu lake tangu siku walipomzika.

"Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi," alimjibu mkuu. "Wakati wa kikohozi."

Mkuu aliguna, lakini maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akakubali.

Jumatatu hiyo mhudumu alifika jua halijakolea. Tangazo halijamalizika redioni, simu ikaita. Mtu alikohoa kwanza, kisha akasema, "Binti yangu, nataka kuacha. Au nikupigie jioni nikitoka kazini?"

Mhudumu alivuta kalamu na daftari. "Hapana, baba. Usikate simu. Tuanze sasa hivi."

Kabla hawajamaliza, simu nyingine zilikuwa zinaita, na mwezi ulipokwisha hakuna aliyetaja tena kufunga milango. Ama kweli, udongo uwahi ungali maji.