Zumari ya Shomari na Meno Yaliyobaki

Mpo?
— Tupo!
Masikio?
— Wazi!
Midomo?
— Imefumbwa!

Basi wangu naufumbua. Yenu ifumbeni mpaka niwaulize.

Hapo zamani, zamani ile ambayo hata babu wa babu yangu alisimuliwa tu, palikuwa na mji ukiitwa Miwani. Si miwani ya kuvaa machoni, acheni kucheka! Miwa. Miwa ya kutafuna. Mbele ya nyumba miwa, nyuma ya nyumba miwa, njia ya kisimani miwa. Mtoto akilia, anapewa kipande cha muwa. Mgeni akibisha hodi, anawekewa sukari guru kabla hajakaa. Mtu akikosa la kufanya, anatafuna. Watu wa Miwani walikuwa wakarimu, walikuwa wachangamfu, na walikuwa vibogoyo. Mtu ana miaka thelathini, meno yake unayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na kidole kimoja kinabaki!

Katika mji huo alikaa mpiga zumari jina lake Shomari. Mkewe aliitwa Mwanapili, na watoto wao walikuwa wawili. Tufaha, msichana wa miaka sita, ndiye mkubwa. Kheri, mvulana, alimfuata.

Shomari huyo alijua kupiga zumari, jamani. Alikuwa akivimbisha mashavu, akifumba macho, na wanawake kule kisimani wanatua ndoo. Kila mwaka, miwa ikishavunwa, miji saba ilikutana uwanjani kucheza ngoma siku tatu. Na ngoma haikuanza mpaka zumari ya Miwani ilie kwanza. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za baba yake. Kwa hiyo Shomari alikuwa mtu wa heshima.

Siku moja asubuhi Shomari akachukua muwa, akaumenya, akauma. Kwa!

"Yalaa! Nakufa! Mama Tufaha, nakufa!"

Mwanapili akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akamkuta mumewe ameshika shavu, na shavu limeumuka kama andazi.

"Fungua mdomo nione," akamwambia. Akachungulia. "Pole, Baba Tufaha. Gego limeoza, lina shimo la kuingia punje ya mahindi. Lakini nikuambie kweli? Tangu nimeolewa nyumba hii sijakuona na mswaki."

"Nitaanza."

"Lini?"

"Kesho."

Jino likang'olewa. Na kesho yake, msimsingizie, alianza kweli. Akakata kijiti cha mti wa mswaki, akakitafuna ncha mpaka ikachambuka, akasugua. Siku ya kwanza alisugua kwa hasira hata fizi zikatoka damu. Siku ya pili alisugua haraka haraka huku anavaa viatu. Siku ya tatu aliulowesha mswaki akaurudisha ulipokuwa. Siku ya nne akafanya nini?

— Hakupiga!

Mmejuaje? Au na nyinyi ni wenyeji wa Miwani?

Haya. Haukupita muda, jino la pili likaanza. Safari hii Shomari hakumwambia mkewe. Alikwenda kwa mganga mmoja aliyeitwa Makoba, mtu wa maneno matamu kuliko sukari yenyewe. Makoba akamkalisha kwenye kigoda, akamfunika kanga kichwani, akamwingiza vidole viwili mdomoni, akanong'ona, akapiga chafya. Kisha akatoa kitu cheupe kinachojikunja.

"Bwana Shomari, unakiona hiki?"

"Nakiona. Ni nini?"

"Mdudu wa jino. Umetumiwa na mwenye wivu na zumari yako. Sasa vaa hirizi hii shingoni, kula utakacho, tafuna utakacho. Hakuna jino litakalokugusa tena."

Shomari akatoa jogoo wake mwekundu, akavaa hirizi, akarudi nyumbani anapiga mluzi. Mdudu alikuja naye, amefungwa kwenye jani la mgomba, ili amwonyeshe mkewe.

Mwanapili akamgeuza mdudu huku na huku. Akamnusa. Akamkata katikati kwa ukucha.

"Baba Tufaha, huu ni mzizi wa nyasi. Ng'oa ukoka hapo uani, utapata wadudu kama huyu mia."

"Wewe huelewi mambo haya."

"Sawa, sielewi. Jino linauma au haliumi?"

Shomari akashika shavu, maana lilikuwa linauma. Kesho yake likang'olewa. Na hirizi hakuivua, akaendelea kulamba sukari guru kutwa nzima, asubuhi, adhuhuri na jioni, akisema yeye ana kinga. Jino la tatu likafuata wenzake.

Meno matatu, ndugu zangu. Yote ya nyuma. Mtu anaweza kupiga zumari bila magego. Lakini meno ya mbele ndiyo yanayoishikilia midomo. Yakiondoka hayo, pumzi inavuja, na zumari inalia kama mbuzi mgonjwa. Na siku moja Shomari alipomaliza kupiga kwenye arusi ya jirani, akaitazama zumari yake, akaona damu kwenye ncha ya kupulizia. Fizi za mbele zilikuwa zimevimba, nyekundu. Akaligusa jino la mbele kwa ulimi, akahisi kama linacheza.

Alirudi nyumbani akakaa uani. Akaivua hirizi, akaitupa kwenye mavi ya kuku.

"Mama Tufaha," akasema, "imebaki miezi minne tukutane uwanjani. Nikiwa kibogoyo mimi nitakuwa nani?"

Mwanapili alikuwa anapepeta mchele. Akauweka ungo chini.

"Utapiga mswaki?"

"Nitapiga."

"Lini?"

Shomari akafungua mdomo aseme kesho, akaona aibu, akaufunga. Akainama. Mwanapili alimwonea huruma siku ile kuliko siku zote, kwa sababu alimwona mumewe anajiogopa mwenyewe.

Akaanza kuwaza. Akasema moyoni: huyu mume wangu, akijiahidi mwenyewe jambo, halifiki siku ya nne. Lakini akiitwa kupiga zumari, mvua inyeshe, jua liwake, shavu livimbe, watu hawajawahi kumngoja wakamkosa. Hata mara moja. Basi kumbe huyu si mvivu. Huyu hajui tu kujifanyia yeye.

Sikilizeni alichokifanya mwanamke huyo.

Kesho yake asubuhi alimfuata mumewe.

"Baba Tufaha, nina shida."

"Sema."

"Watoto hawataki mswaki. Nikiwakamata, wanalamba tu, wanakimbia. Nitungie wimbo wa kuwapigishia mswaki. Uanze meno ya chini, upande ya juu, uende nje, uingie ndani, umalizikie ulimini. Usiwe mfupi, hawatatakata. Usiwe mrefu, watachoka. Nani mwingine anaweza kazi hiyo ila wewe?"

Shomari akakaa wima. Kazi ya zumari! Siku tatu alihangaika na wimbo ule, anapiga, anakataa, anapiga tena, huku Tufaha anasugua na kumwambia, "Baba, bado huku nyuma!" Siku ya tatu ukakubali. Mwanapili akautilia maneno, nao ni huu. Mimi naimba, nyinyi mnaitikia "sugua":

Ya chini, taratibu,
— sugua!
Ya juu, taratibu,
— sugua!
Na nje, na ndani, na kule nyuma kwenye kona,
— sugua!
Ulimi nao usiachwe,
— sugua!
Maji mdomoni, kushoto, kulia, tema!

Ikawa desturi ya nyumba. Asubuhi wakishakunywa uji, zumari. Jioni wakishakula, kabla ya kutandika mkeka, zumari. Kila mtoto na mswaki wake, wa Kheri mfupi, wa Tufaha mrefu, na ncha ikichakaa inakatwa, inatafunwa mpya. Sukari guru Mwanapili hakuikataza, angeikatazaje katika mji ule? Aliifungia kwenye chungu, akaitoa mara moja tu, baada ya chakula cha mchana, na maji ya kunywa pembeni.

Siku ya pili jirani yao, Bi Siwema, akachungulia juu ya ua wa makuti.

"Mama Tufaha! Hiyo zumari ya kila siku, kuna arusi?"

"Hakuna arusi, shoga. Ni ya mswaki. Ikianza, sugua. Ikinyamaza, sukutua."

Bi Siwema akacheka. Lakini kesho yake alisimama mlangoni na wanawe wanne, kila mmoja na kijiti mdomoni. Kesho kutwa, nyumba ya tatu. Mwezi ukaisha, nusu ya mji inaingoja zumari ya Shomari asubuhi na jioni.

Kisha ikafika siku Shomari akachoka. Alijilaza kitandani akasema, leo sipigi. Hata hajageuka upande wa pili, akasikia mlangoni, "Hodi! Hodi, Baba Tufaha! Tunangoja zumari!" Akachungulia. Watoto wamejaa, mate yanawadondoka, miswaki iko tayari. Akainuka. Akapiga. Na Mwanapili, nyuma ya mlango, akaziba mdomo kwa upande wa kanga asisikike anacheka.

Wimbo ulipokwisha, Tufaha akatema maji, akamtazama baba yake.

"Baba, mbona wewe hupigi?"

"Nisipige nini? Si nimepiga sasa hivi?"

"Hupigi mswaki."

Watoto wote wakageuka. Wanamtazama.

"Mwanangu," akasema Shomari, "mimi napiga zumari. Mtu hawezi kupiga viwili kwa pamoja."

"Hilo nimelifikiria," akasema Mwanapili. Akautoa mkono mgongoni, na mkononi mna mswaki, umeshatafunwa ncha, laini. "Wewe umewapigia wao. Sasa wao watakuimbia wewe."

Shomari akatazama huku, akatazama kule. Kumejaa watu. Wameshaanza: ya chini, taratibu! Atakimbilia wapi? Akaupokea mswaki. Akasugua mpaka wimbo ulipokwisha.

Jioni vilevile. Kesho vilevile. Siku ya tatu vilevile. Na siku ya nne?

— Akapiga!

Alipiga! Ingawa siku hiyo alilalamika.

"Damu inatoka, Mama Tufaha. Mswaki huu unaniumiza."

"Unasugua kama unakwangua ukoko wa sufuria. Wimbo unasemaje? Taratibu."

Akasugua taratibu. Baada ya wiki mbili damu ikapungua. Baada ya mwezi ikakoma. Fizi zikanywea, zikalikumbatia jino la mbele, likatulia. Meno matatu yaliyong'olewa hayakurudi, nisiwadanganye. Jino la mtu mzima likiondoka limeondoka. Lakini yaliyobaki yalibaki.

Siku moja wamekaa wawili, Shomari akasema, "Mama Tufaha, ulinitega."

"Nilikutega."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kukuomba wimbo. Watoto walikuwa hawanisumbui hata kidogo."

Shomari akacheka mpaka mapengo yote yakaonekana.

Mavuno yakaisha, miji saba ikakutana. Watu walikwishasikia kwamba mpiga zumari wa Miwani ameng'oka meno, na wengine walikuja mahususi kumwona anavyoaibika. Shomari akasimama katikati ya uwanja. Akaiweka zumari mdomoni, akavimbisha mashavu, akafumba macho. Ikalia! Ikalia nyembamba, ikapanda, ikashuka, haikuvuja hata pumzi moja. Ngoma zikaipokea. Siku tatu watu walicheza, na Shomari hakushika shavu.

Lakini haijaisha. Waliporudi nyumbani, kesho yake, Tufaha akaja mbio kutoka uani, kiganja kimefumbwa.

"Baba! Baba, tazama!"

Akafumbua kiganja. Mna jino. Jino la mbele, dogo, jeupe.

Shomari akapauka. Akapiga magoti mbele ya mwanawe. "Ya Rabi, limempata na huyu! Asubuhi na jioni, hatukukosa hata siku moja! Mama Tufaha, tumekosea wapi?" Na machozi yakamtoka, mwanamume mzima.

Mwanapili akalichukua lile jino, akaligeuza, akamwonyesha. "Tazama vizuri. Lina shimo? Lina weusi? Hili ni jino la utoto, Baba Tufaha. Limemaliza kazi yake, litaota jingine. Katika mji huu meno ya watoto yanaoza kabla ya kung'oka, ndiyo maana hujaliona lililo zima."

Shomari hakuamini. Kila asubuhi, watu wakishasukutua, alimwita Tufaha mwangani, akamwambia fungua mdomo, akachungulia. Siku ya kwanza, hakuna kitu. Wiki ya kwanza, hakuna kitu. Mpaka asubuhi moja akaona ufizini kaukingo keupe, kembamba kama ukucha wa mtoto mchanga.

Akauita mji mzima waje walione jino jipya.

Nami nimeishia hapo. Ngano yangu nimeitema mlangoni penu. Aliyeipenda?
— Aiokote!
Aliyeiokota?
— Aende nayo kwao!
Na midomo?
— Tuifumbue!

Ifumbueni, nione.