Walimpigia Makofi Bila Kumwelewa

Dada yangu anayeishi Marekani ndiye aliyenitumia kisa hiki. Nilikisoma nimesimama, nikashindwa kukaa. Kisome chote, halafu mpe na mwingine.

Katika mji mmoja mdogo huko kuna kiwanda cha kuchinja kuku. Kazi ya kisu hufanywa na wahamiaji: watu wa Guatemala, Honduras na Meksiko, na siku hizi Wakongo pia. Mji mzima unakula kwa jasho lao. Lakini hospitali ya mji haikuwa na mkalimani hata mmoja.

Mama mmoja wa Honduras, Ofelia Barrientos, alianzisha chama cha kuwatetea watu hao. Kila mwaka alipeleka ombi lile lile kwenye baraza la mji: "Tuwekeeni mkalimani hospitalini."

Kila mwaka alijibiwa, "Wajifunze Kiingereza."

Mwaka wa sita, Hermelinda Cux, mfanyakazi wa kiwandani kutoka Guatemala, alipelekwa hospitalini akiwa na homa kali. Alipoona jina la dawa kwenye kichupa, akasema kwa Kihispania, "Hiyo inanidhuru." Akasema tena. Akasema mara ya tatu, huku ameushika mkono wa muuguzi. Muuguzi akatabasamu, akampigapiga begani, akamdunga.

Hermelinda hakuiona jioni. Aliacha mume na watoto watatu.

Na baraza lilifanya nini? Lilimwita Ofelia kumpa tuzo! Eti "kwa huduma yake njema kwa wageni wetu." Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na Meya Halvorsen alitaka picha.

Wanachama wenzake walikasirika. "Mama Ofelia, usiende!"

"Nitakwenda," akasema. "Wameniahidi dakika tano za kuzungumza. Miaka yote hii sijapewa hata moja."

Siku ikafika, ukumbi ukajaa. Waheshimiwa walikaa mbele, wafanyakazi wa kiwanda wakasimama nyuma. Ofelia akapokea ngao ya kioo, akashika kipaza sauti, akaanza kuzungumza Kihispania kwa sauti ya upole.

Waheshimiwa wakawa wanaitikia kwa vichwa na kutabasamu. Kila alipovuta pumzi, wakapiga makofi. Meya aliwashinda wote. Huko nyuma hakuna aliyepiga. Wanaume walikuwa wameinamisha vichwa, wanawake wanalia.

Alipomaliza, waheshimiwa wakasimama kumshangilia. Ofelia akangoja wanyamaze. Kisha akazungumza Kiingereza, tena Kiingereza kilichonyooka.

"Mheshimiwa Meya, ni neno gani langu lililokufurahisha?"

Meya akacheka. "Sikuelewa hata moja, Bi Ofelia. Lakini ilionekana yametoka moyoni."

"Nimesimulia jinsi Hermelinda alivyokufa. Nimetaja majina ya wanawe. Nimesema kifo chake kiko mikononi mwenu ninyi mlioketi hapa, kwa sababu mlitunyima mkalimani mara sita. Nanyi mmenipigia makofi."

Meya akamsogelea, uso umemwiva. "Umenidhalilisha mbele ya watu."

"Wewe leo utarudi nyumbani kwa wanao," Ofelia akamjibu.

Akaiacha ngao mezani, akatoka. Wale wa nyuma wakamfuata wote, hadi wa mwisho.

Haukupita mwezi, hospitali ikaajiri wakalimani wawili wa Kihispania. Mwaka uliofuata ikamwongeza mmoja wa Kiswahili kwa ajili ya Wakongo, naye ndiye dada yangu. Meya hadi leo hamsalimii Ofelia. Na mume wa Hermelinda hajaombwa radhi na mtu yeyote.

Funzo: Anayekusifu huku hataki kujua unasema nini, hajakuheshimu. Usikubali tuzo iwe badala ya haki yako. Idai haki hiyo mbele ya macho ya wote.