Kinu Kilichofungua Redio ya Taifa

Hapo zamani, nchi moja ilipopata uhuru, bendera yake ikiwa bado na mikunjo ya dukani, watu walisema: "Sasa tunataka redio yetu." Walikuwa wameichoka redio ya watawala, iliyowasomea habari za theluji ya Ulaya.

Nyumba ikajengwa, mlingoti ukasimamishwa, siku ikatangazwa: Jumamosi, saa nne asubuhi. Kila mji watu wakajaa uwanjani penye vipaza sauti. Wakaja na vigoda, wakaja na watoto, wakaja na mihogo ya kuchoma.

Redio ilikuwa na santuri moja tu, ya wimbo wa ufunguzi. Mtangazaji, msichana aitwaye Zawena, akaibeba kama yai. Kufika mlangoni, akajikwaa kizingitini. Paa! Santuri vipande vipande.

Mkurugenzi, Bwana Mkwizu, akashika kichwa. "Nchi nzima inasubiri! Watasema tumeanzisha redio bubu!" Mezani palikuwa na redio mpya ya mbao, inang'aa. Akaiinua juu. "Atakayeifanya nchi itusikie sasa hivi, redio hii ni yake!"

Mara wakasikia: ndu, ndu, ndu. Uani, mpishi Bi Sikudhani alikuwa akitwanga viungo vya pilau ya wageni, huku akiimba:

"Twanga, mwenzangu, twanga, leo shughuli ni yetu!"

Fundi mitambo, Kalama, hakumwuliza mtu. Akafungua dirisha, akaruka nje na maikrofoni, waya ukimfuata kama mkia, akaisogeza kinuni.

"Mama, usiache!"

"Mwanangu, dude gani hilo?"

"Wewe twanga tu, mama!"

Bi Sikudhani akatwanga, akaimba. Zawena, machozi yangali mashavuni, akamkimbilia, akaingia na mdundo uleule: "Hii ni redio yenu! Watu wa milimani, hamjambo?" Ndu! "Watu wa ziwani, hamjambo?" Ndu! "Watu wa pwani, hamjambo?" Ndu!

Viwanjani wakaitika kwa kishindo: "Hatujambo!" Vigelegele vikapaa. Wazee wakatupa bakora, wakacheza. Bibi mmoja akapiga kelele: "Jamani, kinu hicho ni cha kwetu kabisa!"

Pilau ilipokwisha kuliwa, watatu wakasimama mbele ya mkurugenzi.

Kalama akasema: "Redio ni yangu. Kinu cha mama kimelia jikoni miaka yote. Nani wa milimani alikisikia kabla sijakipelekea waya?"

Bi Sikudhani akacheka hadi akashika kiuno. "Na waya wako bila kinu changu ungerusha nini, baba? Kikohozi cha mkurugenzi? Redio ni yangu."

Zawena akasema: "Santuri niliivunja mimi, nakiri. Lakini bila maneno yangu, watu wangedhani redio imenasa jiko la mtu. Mimi ndiye niliyewaita, nao wakaitika. Tena niambieni kweli: santuri ingekuwa nzima, nchi ingecheza vile?"

Watu wakaangua kicheko, wengine wakapiga makofi. Bwana Mkwizu akaikumbatia ile redio, akamtazama huyu, akamtazama yule, jasho likimtoka. Ahadi ameshaitoa, na redio haikatwi vipande vitatu.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, msaidieni maskini. Kalama, Bi Sikudhani, Zawena: je, nani alistahili?