Bi Digidigi na Mabua ya Majirani

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo hata wenye kwato walishika majembe, Bi Digidigi alilima kishamba cha mahindi katikati ya mashamba mawili makubwa, la Nyati na la Kifaru. Mumewe alikuwa amekufa, amezikwa pembeni mwa kishamba hicho. Tangu siku ya maziko, hakuna aliyempigia hodi.

Mwaka ule majani ya mahindi yakapata madoa ya kijivu, yakakauka kabla mahindi hayajakomaa. Kwa kuwa kwake ndiko kulikoanza, majirani wakamjia juu.

"Mkosi wako huo, mjane!" akafoka Nyati. "Unatuambukiza!"

"Shemeji, ugonjwa unalala kwenye mabua makavu mliyorundika mpakani. Mvua ikianza, upepo unauleta kwangu kwanza. Mimi yangu nimeshayafukia. Fukieni na yenu, kisha msimu ujao mpande maharage."

"Nani kakuuliza?" akakoroma Kifaru. "Madoa yakionekana tena kwako, utahama!"

Ahame, kaburi amwachie nani? Siku hiyo Bi Digidigi alilia peke yake, akasonga ugali wa mtu mmoja, nao ukamshinda. Walimnyima kila kitu wale: chumvi, kaa la moto, hata salamu.

Ghafla akaacha kutafuna. "Ahaa! Kila kitu?"

Asubuhi akaenda kwa Nyati, kikapu kichwani.

"Hodi, shemeji! Nakuomba yale mabua. Nipe yote, wewe huna kazi nayo."

Nyati akamkodolea macho. "Ya nini?"

"Aa, basi tu." Akatazama chini.

"Thubutu! Sikupi hata moja!"

"Basi usiyafukie, shemeji. Yakishaingia ardhini sitayapata tena."

Kwa Kifaru akasema hayo hayo. Hee! Hata hajafika kwake, akasikia nyuma: tifu! tifu! tifu! Vigogo wale wanachimba, wanafukia mabua chini kabisa, jasho linawatiririka, na wanamcheka.

Mvua zilipokaribia akarudi tena. "Jamani, maharage niachieni mimi peke yangu."

"Ndiyo kwanza tutapanda sisi!" wakajibu kwa pamoja. Wakapanda maharage mashamba yote mawili.

Msimu ule mahindi ya Bi Digidigi yalikuwa kijani mpaka majani ya chini. Nyati akaja kukagua. Akageuza jani la kwanza, la pili, la kumi. Hakuna doa.

"Una bahati," akasema, akaenda zake bila kuaga.

Bi Digidigi alitamani kumwita. Alitamani mno kumsimulia mtu, wacheke pamoja. Lakini angesema, mwakani nani angefukia mabua?

Akachoma mahindi mawili, moja akaliweka kaburini.

"Hatuhami, mume wangu," akasema, akala la kwake taratibu.

Mimi naishia hapo hapo kaburini, wanangu: anayekunyima kila kitu, mwombe usichokitaka.