Sanduku la Kufuli Mbili

Mtu mmoja alikuwa na shamba lililokatwa katikati na mto, na alipoona siku zake zimekwisha aliwagawia wanawe wawili. Nchagwa alipewa upande wa mashariki, Gesero upande wa magharibi. Aliwaagiza jambo moja tu: kila mmoja awalinde watu wanaokaa upande wake. Binti yake mkubwa, Weigesa, hakupewa ardhi. Aliolewa na mtu mpole aitwaye Mogaya, wakajenga upande wa Nchagwa, karibu sana na kivuko, hivi kwamba asubuhi alisikia majogoo wa wadogo zake wote wawili.

Ndugu hao hawakuwa maadui. Hilo mlielewe mapema. Walitembeleana sikukuu, walikula sahani moja, walitaniana mpaka machozi yakawatoka. Lakini kila mmoja aliajiri walinzi wake, na kila mmoja alikuwa na daftari la mabaya yaliyotendeka kwake, na daftari hilo halikuvuka mto.

Msimu wa kulima ulipofika, Mogaya alikuwa shambani na ng'ombe wake wanne, jua likiwa limeshapanda, watu watatu wakatokea kwenye mtama. Walimvunja goti kwa nondo, wakawafungua ng'ombe kutoka kwenye plau, wakateremka nao mtoni. Kiongozi wao hakujifunika uso. Mogaya akiwa chini alimwona vizuri: mtu mwembamba, sikio la kushoto limekatwa nusu. Weigesa alimkuta mumewe ameketi kwenye mfuo aliokuwa akiulima, ameshika goti kwa mikono miwili, akamweleza habari za sikio lile.

Alikwenda kwa Nchagwa mbio. Nchagwa alifungua daftari hata kabla dada yake hajamaliza kueleza.

"Huyo ni Mang'era," alisema. "Nimemwandika mara nne. Mwaka jana aliua mtu kule juu. Akishafanya lake anavuka mto, anapotea. Ningejua anakolala, ningemkamata leo hii."

"Umemuuliza Gesero?"

Nchagwa alifunga daftari. "Dada, nikimwambia Gesero kwamba upande wangu unatoa majambazi, atanisema kwenye kila harusi mpaka nizeeke."

Weigesa alivua viatu, akavuka. Gesero alimpokea vizuri, akamkalisha, akamletea uji, na aliposikia habari za shemeji yake alilia waziwazi. Kisha naye akafungua daftari lake. Mtu mwenye sikio lililokatwa alikuwamo, ila kwa jina la Fundi Yona. Alipanga chumba nyuma ya mnada wa ng'ombe, akitengeneza baiskeli. Kila mwezi ng'ombe wageni walionekana uani kwake siku moja, na kesho yake hawapo.

"Basi mkamate," Weigesa alisema.

"Kwa kosa gani? Huku kwangu hajaiba hata sindano. Nchagwa aniandikie barua, aweke muhuri, nami nitamkamata. Siwezi kumvamia mtu kwa maneno ya mdomo, hata yakiwa maneno ya dada yangu."

Alirudi mashariki. Nchagwa alisema yeye hawezi kuandika barua mpaka Gesero aandike kwanza kwamba mtu huyo yuko kwake. Akarudi magharibi. Juma lile Weigesa alivuka mto mara saba, mpaka nyayo zikachubuka kwa mawe ya kivukoni. Jina na makosa alikuwa nayo, nyumba alikuwa nayo, yote katika kinywa kimoja, na pande zote mbili zilimwambia kwamba kinywa chake si barua.

Mwishoni watu walianza kunong'ona, na ndugu wale wakaona aibu. Wakakutana kivukoni mbele ya watu. Fahali alichinjwa, hotuba zikatolewa, wakashikana mikono na kuinua mikono hiyo juu, watu wakapiga vigelegele. Weigesa alilia kwa furaha. Mogaya alibebwa kwenye kiti ili ashuhudie, na Nchagwa akatangaza kwa sauti kwamba huyu ndiye atakayemtambua mhalifu siku atakapokamatwa. Walikubaliana kwamba litengenezwe sanduku la mbao, liwekwe pale kivukoni, na kila mmoja atumbukize ndani yake yale anayoyajua.

Likabaki suala la nani atunze ufunguo. Walilijadili siku mbili. Wakaamua sanduku liwe na kufuli mbili, kila ndugu na ufunguo wake, na lifunguliwe kila Jumatatu wakiwapo wote wawili. Siku hiyohiyo Nchagwa alitumbukiza karatasi yake, na Gesero akatumbukiza yake. Weigesa aliwaona kwa macho yake.

Jumatatu ya kwanza Gesero alikuwa kwenye posa ya binti wa rafiki yake. Jumatatu ya pili Nchagwa aliugua. Ya tatu walifika wote, lakini Gesero alikuwa amesahau ufunguo, na Nchagwa alikataa kungoja uletwe, akisema amedharauliwa mbele ya walinzi wake. Baada ya hapo kila mmoja alituma mtu achungulie kama mwenzake amekwisha kufika, kwa kuwa atakayefika kwanza ataonekana ndiye mwenye shida. Basi hakufika yeyote.

Kutoka mlangoni kwake Weigesa aliliona sanduku hilo kutwa. Alijua lililomo. Siku moja aliliendea na jiwe akaanza kuzipiga zile kufuli, walinzi wa pande zote mbili wakaja kumzuia, na hiyo ndiyo kazi pekee waliyoifanya kwa pamoja.

Wezi hawakuwa na sanduku. Mlinzi mmoja wa Nchagwa alisimulia kilabuni yale yaliyosemwa kwenye sherehe. Aliyekuwa akinywa naye akamwambia mwenzake, mwenzake akavuka mto, na kabla pombe ile haijaisha Mang'era alikuwa amejua kwamba yule mtu wa goti aliuona uso wake, na ndiye atakayesimamishwa kumtambua. Hakuna aliyeuliza barua. Hakuna aliyeuliza muhuri.

Alikuja siku ya Jumanne, saa sita mchana. Weigesa alikuwa mtoni akichota maji. Alimwona mtu mwembamba, amejifunga kitambaa kichwani, anashuka kwa njia itokayo nyumbani kwake, bila haraka. Mtu yule aliinama, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akajimwagia maji usoni.

"Habari za mchana, mama," akamsalimu.

"Nzuri, mwanangu," Weigesa akamjibu, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa.

Kitambaa kilikuwa kimelowa na kusogea. Aliliona sikio wakati mtu yule ameshaingia majini. Weigesa aliacha ndoo, akapanda mlima akikimbia na huku akiliita jina la mumewe, na hakuitikiwa. Mogaya alikuwa kitini pake, pale pale alipomwacha. Uji aliomwekea haukuwa umeguswa.

Alipiga yowe, na yowe hilo lilisikika mashariki na magharibi. Walinzi wa Nchagwa walikimbia vizuri mpaka ukingo wa maji, wakasimama hapo, kwa sababu mpaka wao ulikuwa hapo. Walinzi wa Gesero, ng'ambo, walimwona Fundi Yona akitoka mtoni na suruali iliyolowa. Aliwasalimu. Hawakuwa wameambiwa lolote juu yake, wakampisha apite.

Siku ya mazishi ndugu wote wawili walikuja, kila mmoja na ufunguo wake. Walipomaliza kufukia kaburi, waliteremka kivukoni, na mbele ya waombolezaji wakafungua kufuli mbili kwa mara moja. Hazikuwa ngumu. Ndani zilikuwamo karatasi mbili tu, moja juu ya nyingine, zimeshikana kwa unyevu. Mchungaji aliyemzika Mogaya alizibandua taratibu, akazisoma kwa sauti. Moja ilisema jina, makosa manne na mtu aliyeuawa. Nyingine ilisema chumba, mnada, na siku ambayo mtu huyo hulala nyumbani bila kukosa. Zilikuwa zimelala pamoja kwa wiki saba.

Weigesa aliwatazama wadogo zake aliowabeba mgongoni walipokuwa wachanga, akangoja mmoja wao aseme neno.

Nchagwa akasema, "Karatasi yangu ndiyo iliyokuwa chini. Mmeona wenyewe kwamba mimi nilitimiza wajibu wangu kwanza."

Gesero akajibu kwamba sanduku lilitikisika siku dada yao alipolipiga kwa jiwe, na huenda karatasi ziligeuka. Wakaanza kubishana. Wanaume wengine wakaingia, hawa upande huu na hawa upande ule, na Weigesa akaachwa peke yake kati ya sanduku lililo wazi na mto. Chumba cha nyuma ya mnada kilikutwa kitupu. Inasemekana mtu yule amehamia shamba la tatu, nyuma ya kilima, na huko ana jina la tatu, na mwenye shamba hilo amenunua daftari jipya la kumwandika.

Basi niambieni, ninyi mliokabidhiwa watu muwalinde: Weigesa apeleke kilio chake upande upi wa mto?